Eneo la Wazi Nyuma ya Nyumba Yetu

Nilichora ramani kwa zaidi ya miaka ishirini katika mji mmoja mdogo wa mkoa wa Singida. Sitautaja mji wenyewe, kwa sababu watu ninaowasimulia bado wanaishi humo, na mimi pia bado naishi humo.

Katika ofisi yetu ya ardhi, mpimaji alikuwa akirudi kutoka nje na daftari lake la vipimo, mkuu wa ofisi akaamua kipi kiwe kiwanja cha nyumba na kipi cha duka, nami nikaviweka kwenye karatasi kwa wino mweusi. Tulikuwa wachoraji watatu, na mimi peke yangu ndiye mwanamke. Nilitoka Mtinko kwa watu wa jembe na ng'ombe, nikapita chuoni, nikarudi mkoani kwetu na rula yangu na kiburi kidogo.

Nilipewa nyumba ya serikali ya vyumba viwili pembezoni mwa mtaa. Nyuma yake palikuwa na uwanja mtupu, mkubwa kama kiwanja cha mpira, na katikati yake mwamba mpana uliolala chini kama sakafu. Mwamba ule ulikuwa kila kitu. Wanawake waliupuria mtama na uwele, wakaanika alizeti juu yake, watoto waliteleza ubavuni mwake mpaka kaptula zikatoboka. Mtu akifa, turubai lilifungwa kando yake na mtaa mzima ukakaa pale siku tatu. Shida yake ilikuwa moja tu, maji. Mvua za Desemba zilishuka kwa kasi kutoka mlimani, zikachimba korongo katikati ya uwanja na kuingia kwenye nyumba za upande wa chini.

Mkuu wetu wa wakati huo alikuwa mzee wa Iramba aliyekaribia kustaafu, mtu wa maneno machache. Aliniita akaniambia nichore mpango wa uwanja ule.

"Wewe unaishi pale," alisema. "Chora kitu ambacho watu watakitunza wenyewe, maana sisi hatuna cha kuwapa. Hatuna saruji, hatuna mlinzi, hatuna hata ndoo."

Chuoni nilikuwa nimefundishwa kuchora bustani za mjini, zenye njia zilizopinda na viti vya chuma. Nilichora moja ya aina hiyo siku ya kwanza, nikaitazama, nikaona aibu. Siku iliyofuata nilitoka kazini mapema, nikaenda kukaa na wanawake juu ya mwamba. Nilikaa nao alasiri tatu.

Aliyenifundisha zaidi ni jirani yangu wa ukuta wa pili, mama mtu mzima aliyezaliwa Mgori karibu na msitu, anayejua miti kama mimi ninavyojua kalamu. Nilimwonyesha nilipotaka kupanda miti, upande wa mashariki, ili ikinge upepo. Alicheka kwa upole.

"Mwanangu, sasa mtama tutaupepetaje?"

Sikuwa nimefikiria. Upepo wa Singida, ambao mimi niliuona kama adui wa kukingwa, kwao ulikuwa mfanyakazi. Uliondoa makapi bila kudai chochote. Basi miti ikahamia magharibi, mahali ambapo kivuli chake kingefika kwenye mwamba wakati wa alasiri na upepo ukapita bila kuguswa. Ni yeye pia aliyenionyesha kwamba njia ya kupita kwenye uwanja lazima iwe pana kiasi cha watu sita wenye jeneza, na kwamba bomba la maji, siku likija, lisiwekwe karibu na mahali wanapokaa wanaume, kwa sababu wasichana hawatateka kwa raha.

Mpango uliotoka ulikuwa wa kawaida sana kuutazama. Mwamba uliachwa kama ulivyo. Korongo lilipangiwa vizuizi vya mawe, kimoja baada ya kingine, ili maji yapungue kasi na kuenea kwenye mizizi ya miti. Mikwaju, migunga, na miarobaini michache. Hakuna kitu cha chuma, hakuna kitu cha kuibwa. Mzee aliutazama kwa muda mrefu, akautia sahihi, na juu ya uwanja nikaandika kwa herufi kubwa: ENEO LA WAZI.

Mawe yalipangwa na mume wangu.

Lazima nimweleze. Alikuwa karani wa ghala katika shirika la umma lililonunua mazao. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua kwa wakulima moja kwa moja, shirika likadhoofika, maghala yakafungwa moja moja, naye siku moja akarudi nyumbani na barua na baiskeli yake. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Kwa miezi mingi alikaa mlangoni akitazama barabara, malori ya watu binafsi yakipita na magunia yale yale aliyokuwa akiyaandika yeye. Nikimuuliza jambo alijibu, asipoulizwa hakusema.

Jirani yetu ndiye aliyemtoa mlangoni. Alimwomba tu amsaidie kusogeza jiwe moja. Akasogeza. Kesho yake akasogeza mengine mwenyewe, na wanaume wengine wawili waliokuwa hawana kazi kama yeye wakaungana naye. Msimu wa mvua ulipofika maji yalishuka, yakagonga kizuizi cha kwanza, yakatulia, yakapita polepole kama mtu aliyeonywa. Hakuna nyumba iliyoingiliwa na maji mwaka ule. Akaanza kupanda miche. Kila mche aliuzungushia miiba ili mbuzi wasiule, akaumwagilia maji yaliyooshewa vyombo. Akarudi kuongea. Watoto wa mtaa walimwamkia yeye kwanza kabla ya kuniamkia mimi.

Ilipopita misimu mitatu miti ilikuwa imenifika begani.

Mzee wetu alistaafu, akaja mkuu mwingine, kijana kuliko mimi kidogo, mchapakazi, suruali zake zimepigwa pasi. Hakuwa mtu mbaya. Nimejaribu miaka yote kumfanya mbaya katika kichwa changu na nimeshindwa. Aliniita asubuhi moja, akafungua ramani ya mtaa wetu juu ya meza, akaweka penseli juu ya maneno yangu.

"Eneo hili limekaa tu," alisema. "Kuna mtu anataka kuweka mashine ya kukamua alizeti. Na maduka kuzunguka. Mji unataka kukua."

Mtu huyo nilimjua kwa sura. Alianza kwa kununua alizeti vijiji vya Misigiri kwa lori la kukodi, sasa alitaka kukamua mwenyewe badala ya kupeleka mbegu mbali. Kwa siku zile hilo lilikuwa jambo la kusifiwa, na kusema kweli lilistahili sifa.

Nikamwambia mkuu kwamba eneo lile linatumika. Nikamweleza kupura, kuanika, misiba, maji. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Lakini hakuna jengo. Kamati ya viwanja inaona ramani, na kwenye ramani hapo hakuna kitu. Wewe mwenyewe umeandika kwamba hakuna kitu."

Halafu, bila kubadili sauti, aliniambia ameagizwa apeleke majina ya wachoraji wawili watakaobaki. Serikali ilikuwa inapunguza watu kila idara, na sisi tulikuwa watatu.

"Sitaki jina lako liende na maneno," alisema. Nadhani alifikiri ananisaidia.

Nilirudi kwenye meza yangu, nikakaa. Nilipima mambo kama mtu anavyopima chumba ambacho anajua hakina mlango mwingine. Mshahara wangu ndio uliokuwa unatulisha, sisi na watoto wawili walioanza shule. Nyumba ilikuwa ya kazi, nikikosa kazi tunatoka ndani ya nyumba. Tukitoka, tunarudi Mtinko kwa baba yangu, mume wangu akiwa hana ng'ombe wala shamba pale, mgeni kwa wakwe zake. Nikikataa kuchora, mwenzangu mmoja kati ya wale wawili angechora kabla ya chakula cha mchana. Na nikichora, tutabaki kwenye nyumba ile ile, dirisha la jikoni likitazama nilichochora.

Karatasi tuliyochorea ilikuwa ngumu, ya kupitisha mwanga, na wino haufutiki kwa raba. Unaukwangua kwa wembe, taratibu, ukiulaza wembe usije ukatoboa. Nilikwangua ule mstari wa korongo kwanza. Kisha miduara midogo ya miti, mmoja mmoja. Kisha maneno. Mwamba sikuukwangua, kwa sababu mkuu alisema utavunjwa kwa baruti na mawe yatumike kwenye misingi, kwa hiyo nilipitisha tu mistari ya viwanja juu yake. Viwanja kumi na viwili vya maduka, na kimoja kikubwa cha mashine. Mistari ilinyooka vizuri. Jambo hilo limenisumbua kuliko yote.

Sikumwambia mume wangu. Nilijiambia nitamwambia jioni, halafu jioni ile alinikuta mlangoni akanivuta kwenda kuona mkwaju uliokuwa umechipua upya baada ya kuliwa na mbuzi. Kesho yake nilijiambia Jumapili. Jumapili tulirudi kutoka kanisani, akachukua ndoo. Wiki tatu zilipita hivyo. Kila siku nilirudi kutoka kazini nikasimama kwenye dirisha la jikoni nikamtazama akizunguka mti hadi mti, na kila siku kusema kulikuwa kugumu zaidi ya jana, mpaka nikaanza kuchelewa kurudi nyumbani bila sababu.

Alijua siku mpimaji alipokuja na vigingi. Walikuwa wanafahamiana. Mume wangu alimuuliza anapima nini, na yule akashangaa, akamuuliza kama mkewe hajamwambia.

Nilipofika nyumbani alikuwa amenawa mikono, amekaa kwenye kiti cha sebuleni ambacho huwa hakikalii mchana.

"Ni wewe uliyechora?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Wiki tatu sasa."

Nilimweleza habari ya majina mawili, nikamweleza nyumba, watoto. Aliitikia kwa kichwa kila kimoja, maana vyote alivijua, yeye mwenyewe aliwahi kupokea barua.

"Kuchora sikulaumu," alisema mwisho. "Lakini wiki tatu ulikuwa unaniangalia nikimwagilia."

Alinyanyuka, akachukua ndoo ya maji ya vyombo, akatoka. Alimwagilia siku ile kama kawaida, akipita katikati ya vigingi.

Mkutano wa mtaa uliitishwa pale pale uwanjani. Nilitumaini mkuu ataeleza mwenyewe, lakini alisema mtaalamu ni mimi na ni mkazi, watu watanielewa. Basi nilisimama mbele ya mwamba, nikiwa nimeshika ramani kwa mikono miwili, na majirani zangu wakakaa juu ya mwamba huo kama walivyokaa zile alasiri tatu. Mume wangu alisimama nyuma kabisa. Nikaeleza barabara ya kuingilia, viwanja, mashine, ajira. Nilisikia sauti yangu ikisema maneno ya mkuu wangu, ajira na maendeleo na matumizi bora ya ardhi, na sikujua namna ya kuinyamazisha.

Maswali yalikuwa machache. Watu wa kwetu hawapendi kumwaibisha mtu hadharani. Lakini jirani yangu, yule mama wa Mgori, alisimama. Hakupandisha sauti.

"Ulikuja hapa ukakaa na sisi, tukakwambia tunavyoishi. Tulikwambia kila kitu, maana ulituuliza vizuri. Sasa na sisi tunakuuliza. Tukifiwa, watu watakaa wapi?"

Mkuu alinitazama. Palikuwa na majibu. Ningeweza kusema kwamba mtaa wa pili una shule, kwamba makanisa na msikiti vina viwanja, kwamba kamati italifikiria jambo hilo. Niliyajua yote na hakuna hata moja lililokuwa kweli.

"Sijui, mama," nilisema.

Mkuu alianza kusogea mbele, nami nikaongeza haraka, kabla hajafika, kwamba kuna jambo moja ninalolijua. Maji yanashuka kutoka mlimani na yatashuka tena Desemba. Vizuizi vya mawe vikiondolewa na korongo likijengwa, maji yataingia kwenye jengo la mashine. Nilisema hivyo nikimwangalia mwenye mashine, si mkuu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuazima, kofia mapajani. Aliona watu wamegeuka kumtazama mume wangu, akamuuliza kama ni kweli. Mume wangu alisema ni kweli, na akamwonyesha kwa mkono maji yalikokuwa yakipita.

Ndivyo ulivyopona ukanda mmoja. Mwenye mashine mwenyewe alisema hataki kujenga kwenye njia ya maji, na mkuu akaniagiza nichore upya, ukanda mwembamba kando ya korongo uachwe. Ulikuwa hatua nane kwa upana. Hayo ndiyo yote niliyoyaokoa, na niliyaokoa kwa kumwogopesha mtu juu ya mashine yake.

Jina langu lilibaki kwenye orodha. Mwenzetu mmoja, mchoraji mzuri kuliko mimi, aliondoka.

Miti ilikatwa kwa siku mbili. Mume wangu alijaribu kuihamishia midogo kwenye ukanda, akaichimba na udongo wake mzima, lakini jua lilikuwa kali na mizizi imekwenda chini sana. Ilipona minne. Mwamba ulipasuliwa asubuhi, tukiwa tumeambiwa tukae ndani, na vioo vya dirisha la jikoni vikapata nyufa. Ukuta wa mashine ulipanda karibu sana na nyumba yetu, kiasi kwamba upepo uliacha kabisa kuingia. Jiko likawa la joto kutwa nzima. Mashine ilinguruma tangu asubuhi hadi jioni, na harufu ya mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa, ikakaa kwenye nguo, kwenye unga, kwenye nywele za watoto. Wanawake walianza kupuria mtama kwenye vijia kati ya nyumba, juu ya maturubai, na kuupepeta kwenye pembe yoyote iliyobaki na upepo.

Hakuna aliyenitukana. Ningeweza kulivumilia tusi. Jirani yangu aliendelea kupokea shikamoo yangu kila asubuhi, akajibu, "Marahaba." Zamani alisema, "Marahaba, mwanangu."

Niliomba uhamisho mara tatu. Niliomba Manyoni, nikaomba Itigi, mwisho nikaomba popote. Mara zote jibu lilikuwa kwamba wachoraji ni wachache. Walikuwa wachache kwa sababu walitupunguza.

Kisha mume wa jirani yangu alifariki. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa watu, na waombolezaji walikuwa wengi mno. Walijaa ua, wakajaa kijia, wakafika barabarani, na malori yaliyoleta alizeti yakawa yanapita yakipiga honi kati ya watu waliokaa chini. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nikikoroga uji, nikisikia honi zile. Kabla ya mchana mngurumo wa mashine ulikatika. Mwenye mashine alikuja kwa miguu, akampa mfiwa pole, akasema geti la ua wake liko wazi, watu waingie wakae. Wafanyakazi wake walifagia mashudu na kutandika magunia.

Tulikaa mle siku tatu, pale pale tulipokuwa tukikaa siku zote. Aliwalisha watu, akaleta maji. Watu walimshukuru sana, nami nilimshukuru pia, tena kwa moyo. Lakini kila nilipopita geti lile nilijikuta nashusha macho, kama mtu anayeingia penye mwenyewe. Watoto waliambiwa wasiguse kitu. Wanaume walizungumza kwa sauti ya chini. Zamani pale, hata mlevi alipiga kelele zake bila kuomba ruhusa ya mtu. Siku ya nne geti lilifungwa na mashine ikawashwa.

Siku hiyo ya nne jirani yangu alikuja kurudisha sufuria zangu. Nilimkaribisha ndani, akakaa kidogo ukingoni mwa kiti.

"Ulisema hujui," aliniambia. "Wengine wangedanganya."

Sikujua kama ni msamaha. Sikuuliza. Alikunywa chai, akaenda.

Baadaye nilipewa kuchora mtaa mpya upande wa pili wa mji, na nikagundua kwamba nimebadilika. Sikuweka tena eneo la wazi katikati ya nyumba, mahali ambapo pangewafaa watu. Nililiweka kwenye korongo. Nililiweka penye majabali yasiyojengeka, kwenye kona zenye kinamasi, kwenye ardhi ambayo hakuna mfanyabiashara angeitaka hata akipewa bure. Kila mtaa niliochora baada ya hapo una sehemu kama hiyo, na zote zipo mpaka leo, hakuna iliyoguswa. Wachoraji vijana waliokuja baada yangu walinisifu kwa hilo. Walidhani ni ujuzi.

Nilimpeleka mume wangu kuona eneo la kwanza kati ya hayo, Jumapili moja baada ya kanisa. Lilikuwa na majabali makubwa, yamebebana kama yalivyobebana majabali ya kwetu, na bonde dogo chini yake lenye udongo mzuri. Alipanda mpaka juu, akashuka, akashika udongo, akasema mgunga utaota vizuri. Halafu akageuka kuzitazama nyumba, zilivyokuwa mbali, na ule mwinuko wa mawe tuliotoka kuupanda.

"Mama mtu mzima mwenye ungo kichwani hafiki hapa," alisema.

Nikamwambia najua. Akaniuliza kama tunaweza kurudi na miche wiki ijayo, nikamwambia tunaweza.